Gari Linatetemeka Ukikanyaga Breki? Mtafute Mwenye Kosa Kabla ya Kununua Diski

Unashuka Mazeras kuja Miritini, malori yamepangana mbele yako. Unakanyaga breki ukiwa kwenye mwendo wa 80 na usukani unaanza kuruka mikononi. Ukiachia kanyagio, unatulia. Ukikanyaga tena, unarudi vile vile. Ukifika mjini Mombasa unamwendea fundi, na kabla hujazima injini amekwisha kukujibu: diski zimepinda, nunua mpya.

Mimi nilinunua. Nilinunua diski za mbele mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mara zote mbili gari lilitulia kwa wiki kadhaa, kisha mtetemo ukarudi polepole hadi ukawa kama zamani. Mara ya tatu nilikwenda kwa fundi mmoja mtu mzima kule Changamwe. Nilimwambia, "Ami, diski ni mpya hizi, hazijamaliza hata miezi mitatu." Hakunijibu. Aliivua diski ya kushoto, akaiweka kando bila kuitazama sana, akapitisha kidole kwenye uso wa habu, pale diski inapoegemea. Kidole kilisimama mahali. Akachukua bisibisi, akakwaruza mara mbili, na kiganjani kikamdondokea kipande cha kutu kikubwa kama ukucha wa kidole cha mwisho, chembamba kama karatasi. "Mwanangu," akaniambia, "diski zako zote mbili umezikalisha juu ya hiki."

Tangu siku hiyo nimeziangalia breki za majirani na jamaa wengi, na ninaandika mwongozo huu kwa sababu naona watu wakitoa pesa kwa jambo ambalo brashi ya waya ingelimaliza. Si kila mara ni kutu, na nitaeleza mengineyo. Lakini hapa kwetu pwani kutu ndiyo ya kushukiwa mwanzo.

Kwa nini diski mpya hutulia halafu huanza tena

Hili ukilielewa, hatua zote zinazofuata zitakuwa na maana, kwa hivyo vumilia kidogo.

Diski huzunguka katikati ya pedi mbili, vile vipande vinavyoibana ukikanyaga breki. Ikiwa imekaa sawasawa, pedi huigusa mzunguko mzima kwa nguvu ile ile. Sasa weka kipande cha kutu chenye unene wa milimita 0.1 upande mmoja wa habu yenye upana wa milimita 140. Diski inainama. Ikiwa diski yenyewe ina upana wa milimita 255, ule mwinamo wa 0.1 pale kwenye habu unafika karibu 0.18 ukingoni. Watengenezaji wengi wa magari madogo hawaruhusu diski iyumbe zaidi ya 0.05 hivi, ambao ni wembamba wa unywele. Wewe umeshapita zaidi ya mara tatu.

Siku ya kwanza husikii kitu, kwa sababu kalipa, kile kifaa kinachosukuma pedi ziibane diski, huelea kwenye pini zake na inaifuata diski inavyoyumba. Lakini kila gurudumu likizunguka, hata usipokanyaga breki, ule upande ulioinama unaikwaruza pedi kidogo. Mahali pale pale, maelfu ya mara kwa kila safari. Baada ya kilomita elfu moja, mbili au tatu, sehemu hiyo imelika au imeshika mabaki ya pedi, na diski haina tena unene mmoja. Hapo ndipo mtetemo unapozaliwa: pedi zinapanda na kushuka juu ya unene usio sawa, na nguvu ya breki inakuja kwa mapigo. Tofauti ya unene ya milimita 0.02 tu inatosha kuanza kusikika kwenye magari mengi.

Kwa hivyo neno "imepinda" huwa si sahihi. Diski nyingi zinazotupwa hazikupinda hata kidogo. Zimelika vibaya kwa sababu zilikalishwa vibaya.

Na Mombasa inaisaidia hali hiyo. Upepo wa kusi au wa kaskazi, wote unabeba chumvi. Anayevuka Likoni kila siku, anayelaza gari Nyali au Shanzu karibu na ufuo, anayepita kwenye madimbwi ya masika, wote wanailisha habu chumvi na maji. Halafu magari yetu mengi ni ya kutumika, yameingia kwa meli kupitia bandari hii yetu yakiwa na umri wa hadi miaka 8 kama sheria inavyoruhusu, yakakaa kwenye yadi hewa ya bahari ikiyapiga. Gari linaweza kuwa na injini safi na kiti kisichokwaruzwa, na huku nyuma ya diski kuna kutu ya miaka.

Utakachohitaji

Jeki, stendi mbili imara, mawe au vipande vya mbao vya kuzuia magurudumu, spana ya nati za magurudumu, na spana za kufungulia kalipa. Kwenye magari mengi ya Kijapani ya 14 na ya 17 zinakutosha. Brashi ya waya, msasa, waya mgumu wa kufungia kalipa, dawa ya kusafishia breki, na grisi ya breki inayostahimili joto. Ukiweza kuazima kipimo cha saa chenye kitako cha sumaku, cha kuonyesha diski inayumba kiasi gani, na maikromita ya kupimia unene, azima. Mafundi wa mashine za kuchonga vyuma wanavyo. Spana ya toku, ile inayopima nguvu ya kukaza, ni ya lazima, wala usikubali kuambiwa kwamba mkono wa fundi unajua.

Hatua ya kwanza: kaza nati kabla ya kwenda popote

Gari likiwa chini, jaribu kila nati ya kila gurudumu. Nati iliyolegea hutikisa gari, na inaua. Nimewahi kukuta nati mbili zinazunguka kwa vidole kwenye gari lililokuwa limebeba watoto wa shule asubuhi hiyo hiyo. Ukiona nati imelegea, tazama pia kama tundu la rimu limekuwa la mviringo mrefu au kama stadi, ile boliti inayoshika nati, imechanika uzi. Rimu hiyo au stadi hiyo haifai tena.

Hatua ya pili: safari ya kusikiliza

Tafuta barabara iliyonyooka yenye magari machache. Mimi hupenda barabara ya Dongo Kundu Jumapili asubuhi na mapema. Zima redio, pandisha vioo, na mwambie mtu akae nyuma akusaidie kusikiliza.

Kwanza nenda mwendo wa 80 bila kugusa breki. Ikiwa gari linatetemeka hata hivyo, basi tatizo si breki, au si breki peke yake. Tazama matairi: tairi lililovimba ubavuni au lililoachana nyuzi ndani, rimu iliyopigwa na shimo, uzani wa magurudumu uliopotea baada ya kuziba pancha. Malizana na hayo kwanza, maana yatakuchanganya.

Ikiwa liko shwari, kanyaga breki kwa utaratibu, si kwa kishindo, kutoka 80 hadi 30. Kisha jiulize mtetemo umeusikia wapi. Mtetemo ukiwa kwenye usukani, anza na breki za mbele. Ukiwa kwenye kiti na sakafuni huku usukani umetulia, nenda nyuma. Ukiwa kwenye kanyagio peke yake, mguu ukipandishwa na kushushwa, unaweza kuwa mbele au nyuma, na mara nyingi ni unene wa diski au dramu, ile ngoma ya breki za nyuma, isiyo ya mviringo kamili.

Sikiliza pia kasi ya mapigo. Gurudumu la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 1.9, kwa hivyo kwenye 80 linazunguka karibu mara 12 kwa sekunde, na kwenye 40 mara 6. Mtetemo wa diski hufuata hesabu hiyo: gari likipunguza mwendo, mapigo yanaachana, na karibu na kusimama utayahesabu moja moja. Hii ndiyo tofauti yake na ile ngurumo ya haraka kwenye kanyagio inayokuja ukifunga breki kwa nguvu juu ya mchanga au lami iliyoloa. Ile ni ABS inafanya kazi yake ya kuzuia magurudumu yasijifunge. Usiitibu.

Kuna jaribio moja zaidi, kwa gari lenye breki ya mkono ya kuvuta kwa kebo. Barabara ikiwa tupu kabisa nyuma yako, ukiwa kwenye 40 na gari limenyooka, bonyeza kitufe cha breki ya mkono, kishikilie bila kukiachia, na uvute polepole. Ukipata mtetemo ule ule, kosa liko nyuma. Tahadhari mbili. Usilifanye kwenye lami iliyoloa. Na magari mengine yenye diski nyuma yana dramu ndogo ndani ya diski kwa ajili ya breki ya mkono tu. Kwa magari hayo jaribio linakueleza habari za ile dramu ndogo, wala halikuambii kitu juu ya diski.

Hatua ya tatu: joto

Endesha dakika kumi kwa mwendo wa kawaida, kisha simama kwa kutumia breki kidogo iwezekanavyo. Shuka upesi, upeleke kiganja karibu na kila rimu. Usiiguse. Linganisha kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa unachoma na wa pili una joto dogo tu, kalipa ya upande wa moto haiachii. Mwenye kipimajoto cha kulenga apime katikati ya diski kupitia matundu ya rimu.

Ukisikia harufu ya kuungua, au gari linavuta upande, au kanyagio limekuwa laini na linazama, usiendelee na majaribio. Liegeshe hapo hapo na umwite fundi.

Hatua ya nne: inua na utikise

Egesha mahali pagumu, si juu ya mchanga wala makumbi. Zuia magurudumu ya nyuma, inua mbele, weka stendi. Gari lililoshikiliwa na jeki peke yake usiingize hata mkono chini yake. Jeki huteleza, na huteleza bila kukuonya.

Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, shuku beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia: likicheza hapo tu, shuku viungo vya usukani, zile tairodi. Lizungushe kwa mkono na usikilize kama beringi inanguruma. Kisha chukua tochi uangalie bushi za mikono ya chini, ile ambayo mafundi huiita loa amu. Bushi iliyopasuka haizalishi mtetemo, lakini huukuza: dosari ya diski ambayo usingeihisi inageuka kuwa kishindo kwenye usukani. Ukiwa na beringi yenye mchezo, badilisha hiyo kwanza, kwa kuwa vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya.

Hatua ya tano: vua gurudumu, usome diski

Diski ni kama daftari la matumizi ya gari. Mabaka ya rangi ya buluu yanaonyesha joto kali lililokithiri. Alama yenye umbo la pedi, kama muhuri, inaonyesha gari lilisimamishwa breki zikiwa moto na mguu ukabaki umebana, au lililala na maji siku nyingi na pedi ikashikana na chuma. Mifereji iliyochimbika inaonyesha pedi iliyofika chuma au mchanga ulioingia. Utando mwepesi wa kutu ya rangi ya chungwa unaouona asubuhi baada ya mvua usikutishe. Breki mbili tatu unaondoka.

Sasa pedi. Zitoe zote nne za mbele na uzipange chini, ndani na nje, kushoto na kulia. Zinapaswa kulingana. Pedi ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje ingali nene, kalipa haitelezi kwenye pini zake. Hili nalikuta mara nyingi mno kwenye magari ya pwani: mpira wa kuzuia vumbi umechanika, chumvi imeingia, na pini imeganda kama iliyochomelewa. Zitoe pini, zisafishe mpaka ziwe laini, badilisha mipira, upake grisi ya breki kidogo. Usipake grisi ile ya kawaida ya chasisi. Inavimbisha mpira, na baada ya miezi pini itaganda upya. Pedi iliyobaki na milimita 3 au chini ibadilishe, na siku zote badilisha pande zote mbili za ekseli moja.

Kalipa usiiache ining'inie kwa hosi yake. Ifunge kwa waya kwenye springi.

Ikiwa kwenye hatua ya joto upande mmoja ulikuwa unachoma lakini pini zinateleza vizuri, jaribu hivi kabla hujavua kalipa: mtu akanyage breki aachie, kisha uzungushe gurudumu. Likiwa limekazika, fungua kidogo ile nati ndogo ya kutolea hewa kwenye kalipa. Oili ikiruka na gurudumu likafunguka, kuna shinikizo lililofungiwa, na hosi iliyoziba kwa ndani ndiyo ya kwanza kuitazama. Gurudumu likibaki limekaza, ni pistoni iliyoganda kwa kutu. Ukishafungua hapo, lazima breki zitolewe hewa upya.

Hatua ya sita: nyuma ya diski

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo. Kabla ya kuitoa diski, ibane kwenye habu kwa nati zake zote ukiweka washa, zile pete bapa za chuma, chini ya kila nati, na ukaze sawasawa. Simamisha kipimo cha saa kikiwa kimeshika sehemu isiyotikisika, ncha yake iguse diski milimita 10 kutoka ukingoni. Zungusha diski polepole mzunguko mzima na uandike tofauti kati ya namba kubwa na ndogo. Weka alama ya chaki mahali palipo juu zaidi, na alama nyingine kwenye stadi iliyo karibu na hapo.

Usipokuwa na kipimo, watu hufunga waya mgumu kwenye kalipa, ncha ikikaribia diski, na kutazama nafasi ikipanuka na kupungua. Njia hiyo inaonyesha dosari kubwa tu. Jicho halioni 0.05.

Kisha toa diski. Ikiwa imeshikana na habu, magari mengi yana matundu mawili madogo yenye uzi kwenye diski. Ingiza boliti mbili za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Gari lako likiwa na matundu hayo, hakuna haja ya nyundo. Sasa tazama uso wa habu. Hasa chunguza kuzunguka kila stadi na kwenye pete ya katikati, kwa sababu kutu hupenda kujificha kwenye kona hizo ambazo brashi kubwa haifiki. Piga brashi ya waya, kwaruza palipo pagumu, maliza kwa msasa mpaka kidole kipite bila kukwama mahali popote. Fanya vivyo hivyo upande wa ndani wa diski. Pangusa kwa kitambaa chenye dawa ya breki. Wengine hupaka grisi nene usoni pa habu ili isipate kutu tena. Mimi sikushauri, kwa sababu grisi nayo ina unene, na ikipata joto itatiririka kwenda kwenye pedi.

Rudisha diski kwenye stadi ile ile na upime tena. Mara nyingi sana namba hushuka hapo hapo. Nimeona 0.14 ikawa 0.04 kwa kazi ya dakika ishirini.

Kama bado iko juu, igeuze diski kwa tundu moja la stadi, ibane, upime. Alama ya chaki itakuambia mwenye kosa. Mahali palipo juu pakihama pamoja na diski, kosa ni la diski. Pakibaki kwenye stadi ile ile hata diski ikizungushwa, kosa ni la habu au beringi, na hakuna diski duniani itakayokuponya. Ukikuta mkao wenye namba ndogo kuliko yote, iache diski hapo.

Hatua ya saba: unene, kisha uamuzi

Kwa maikromita, pima unene mahali nane kuzunguka diski, umbali mmoja kutoka ukingoni. Namba zikitofautiana kwa 0.02 au zaidi, umeipata sababu ya mtetemo. Linganisha pia namba ndogo kabisa na kiwango cha mwisho kilichogongwa kwenye diski yenyewe, kawaida ukingoni au kwenye kitovu, kikitanguliwa na herufi MIN TH.

Ikiwa diski ingali nene vya kutosha, inaweza kuchongwa. Hapo kuna jambo la kumwambia mwenye mashine: achonge zote mbili za ekseli moja, atoe kidogo iwezekanavyo, na kabla ya kuifunga kwenye mashine asafishe kutu upande wa ndani wa diski. Asipoisafisha, ataichonga ikiwa imekaa upande, na utairudisha nyumbani mbaya kuliko ilivyokwenda. Ikiwa baada ya kuchongwa itashuka chini ya kile kiwango, nunua mpya. Diski nyembamba haibebi joto, na kwenye mteremko nyuma ya lori hiyo si sehemu ya kubana pesa.

Diski mpya nazo huja na mafuta ya kuzuia kutu. Zioshe kwa dawa ya breki, na uzipime vile vile ukishazifunga.

Dramu za nyuma

Nitapita haraka hapa. Dramu inaweza kuwa yai badala ya mviringo, hasa gari lilipokaa wiki nyingi na breki ya mkono imevutwa, viatu vya breki vilivyo ndani yake vikashika kutu mahali pamoja. Magari yaliyotoka yadini yana tabia hii. Toa dramu, tazama alama mbili za viatu zilizokabiliana, pima upana wa ndani kwa pande mbalimbali. Zikitofautiana, dramu inachongwa au inabadilishwa. Kiwango cha mwisho cha upana nacho huwa kimegongwa juu yake. Safisha uso wa habu kama mbele. Na gari likikaa siku nyingi bila kutumika, liache kwenye gia na uweke jiwe, usivute breki ya mkono.

Kufunga magurudumu

Ile bunduki ya hewa ya kwa mtu wa pancha ndiyo inayorudisha ugonjwa. Inakaza nati moja kwa nguvu ya ng'ombe na ya pili nusu yake, na diski inabanwa ikiwa imejikunja baina ya rimu na habu. Safisha pia uso wa rimu unaogusa diski. Ingiza nati zote kwa vidole, kaza kwa kuruka, umbo la nyota, si kwa kufuatana, kwanza nusu ya nguvu kisha zote. Toyota nyingi ndogo zinataka nyutoni mita 103. Kwa gari jingine tafuta namba kwenye kitabu chake. Kila ukiziba pancha, simama pale pale, na ukifika nyumbani zilegeze nati za gurudumu hilo moja moja na uzikaze upya kwa toku.

Kabla ya kuondoka, kanyaga kanyagio mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka liwe gumu. Pistoni zimesukumwa nyuma, na breki ya kwanza bila hivyo itazama hadi sakafuni.

Kuzifundisha pedi

Pedi mpya zinahitaji kuacha utando mwembamba, sawasawa, juu ya diski. Barabara ikiwa wazi, kutoka 60 kanyaga kwa nguvu ya wastani hadi 20, achia, endesha dakika moja zipoe, rudia. Mara nane hadi kumi. Usisimame kabisa, na ukilazimika kusimama breki zikiwa moto, kama kwenye taa za barabarani, acha nafasi mbele yako uweze kusogeza gari kidogo kidogo badala ya kubana mguu mahali pamoja. Kubana huko ndiko kunakopiga ule muhuri wa pedi niliousema. Wala usipite moja kwa moja kwenye sehemu ya kuosha gari. Maji baridi juu ya diski zinazochoma hayafai.

Baada ya kilomita 100

Kagua nati kwa toku tena. Kisha rudi barabara ile ile uliyoanzia, mwendo ule ule, na mtu yule yule kiti cha nyuma. Andika namba za kipimo, tarehe, na kilomita kwenye kipande cha karatasi, ukibandike ndani ya boneti au mlango wa dereva. Mimi kwangu nimeandika: kushoto 0.03, kulia 0.04. Kilomita elfu tano baadaye nilipima tena, na karatasi ile haikuhitaji kubadilishwa.